Mafumbo ya Mto Mirongo: Namna ya Kutunga Msururu wa Mafumbo ya Kutafuta Makasha kwa Setilaiti

UTANGULIZI

Kutega na kutegua vitendawili ni elimu ya zamani katika Afrika Mashariki. Mtegaji huficha jambo kwa maneno, na mteguaji hulifichua kwa akili. Katika miaka ya karibuni umezuka mchezo unaofanana na jadi hiyo, ila jibu la fumbo si neno bali ni mahali juu ya uso wa dunia. Mchezaji hufumbua fumbo, akapata majira ya nukta ya mahali hapo, yaani latitudo na longitudo yake, kisha huenda akiongozwa na kipokezi cha setilaiti au simu ya mkononi mpaka afikie kasha dogo lililofichwa. Ndani ya kasha huwamo daftari, naye huandika jina lake na tarehe. Mchezo huu huitwa jiokashi.

Makala haya yanaeleza namna ya kutunga msururu wa mafumbo yenye mada moja ili wachezaji wengine wayafumbue. Mfano umechukuliwa kutoka Mirongo katika jiji la Mwanza, mahali ambapo mto wenye jina hilo hupita katikati ya mji na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kazi hii inafaa kwa vikundi vya sayansi vya shule za sekondari, kwa sababu inakutanisha hisabati, fizikia, jiografia na Kiswahili. Aidha, inadai uangalifu wa kweli: fumbo la karatasini likikosewa, mwanafunzi hupoteza alama, fumbo la jiokashi likikosewa, mtu huweza kupelekwa katika njia ya mafuriko au katika maji yenye kichocho.

CHIMBUKO LA MCHEZO

Mfumo wa setilaiti wa Marekani ujulikanao kama GPS ulitangazwa kuwa umekamilika kwa matumizi mwaka 1995. Hata hivyo, mawimbi yaliyotolewa kwa raia yalitiwa kasoro kwa makusudi, hivyo kipokezi kiliweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Kasoro hiyo iliondolewa tarehe 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, akatangaza majira yake ili watu waitafute. Mchezo ukaenea upesi katika nchi nyingi.

Mwaka 2004 ilianzishwa aina nyingine isiyo na kasha, kwa juhudi za Chama cha Jiolojia cha Marekani. Mchezaji huenda mahali penye funzo la ardhi, akatazama, akapima, akajibu maswali, wala haachi kitu. Aina hii inafaa sana mahali ambapo kuacha kasha hakuruhusiwi, kama vile Kisiwa cha Saa Nane, ambacho kilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964 na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013.

JINSI SETILAITI ZINAVYOONYESHA MAHALI

Setilaiti za GPS huizunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila moja ina saa sahihi mno, na hutuma mawimbi yanayotaja wakati yalipoondoka. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde kwa makadirio. Kipokezi hupima muda uliotumika njiani, kisha huzidisha muda kwa kasi ili kupata umbali. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Kwa kuwa saa ya kipokezi si sahihi kama ile ya setilaiti, mambo yasiyojulikana ni manne: mahali kwa vipimo vitatu, pamoja na kosa la saa. Ndiyo sababu zinahitajika angalau setilaiti nne.

Mahali palipo wazi, kipokezi cha kawaida au simu huonyesha mahali kwa kosa la mita chache hadi kumi hivi. Mwanza, hata hivyo, ni mji wa majabali. Jabali kubwa huziba sehemu ya anga, na mawimbi mengine huligonga jabali kwanza ndipo yafike kwenye kipokezi. Mawimbi yaliyozunguka namna hiyo hutumia muda mrefu zaidi, nayo hukidanganya kipokezi kuwa setilaiti iko mbali zaidi. Mtunzi anayeficha kasha kati ya mawe mawili makubwa lazima azingatie jambo hili.

MIRONGO NA THAMANI YA NAFASI

Neno mirongo lenyewe lina faida kwa mtunzi wa mafumbo. Katika Kiswahili cha zamani mirongo ni makumi. Katika Kinyarwanda na Kirundi, mirongo itatu ni 30. Neno mwongo, ambalo siku hizi hutumika kwa miaka kumi, ni la ukoo huo. Na manahodha wa pwani waligawa mwaka wa Nairuzi katika miongo 36 ya siku kumi kumi. Mfanano huu unakumbusha jambo ambalo ni msingi wa kazi yote: katika majira ya nukta, kila tarakimu ina thamani mara kumi ya ile inayoifuata upande wa kulia.

Wachezaji wa jiokashi huandika majira kwa nyuzi, dakika na sehemu za elfu za dakika. Mji wa Mwanza uko karibu na nyuzi 2 na dakika 31 kusini, na nyuzi 32 na dakika 54 mashariki. Karibu na ikweta, dakika moja ya latitudo ni mita 1,843 hivi, na katika Mwanza dakika moja ya longitudo ni mita 1,854 hivi. Kwa hiyo thamani ya kosa la 1 katika kila nafasi ya latitudo ni kama ifuatavyo:

Makumi ya dakika: kilometa 18.4
Mamoja ya dakika: kilometa 1.84
Sehemu za kumi za dakika: mita 184
Sehemu za mia za dakika: mita 18
Sehemu za elfu za dakika: mita 1.8

Kosa katika tarakimu ya mwisho halimdhuru mtafutaji, maana ni dogo kuliko kosa la kipokezi chenyewe. Kosa la 1 katika dakika nzima ya longitudo huweza kumtoa mtu mjini na kumpeleka ndani ya ghuba. Kutokana na hali hii hupatikana kanuni ya kwanza ya utunzi: nyuzi na dakika nzima zitangazwe waziwazi, fumbo lifiche tarakimu tatu za mwisho tu za kila upande. Majira yatangazwe hivi:

Kusini nyuzi 2, dakika 31.ABC
Mashariki nyuzi 32, dakika 54.DEF

Kanuni hii ina faida nyingine. Taratibu zinazofuatwa na wachezaji wengi duniani zinadai kwamba nukta iliyotangazwa isiwe mbali na kasha la kweli kwa zaidi ya kilometa 3.2. Ikiwa nukta zote mbili zimo katika dakika ileile ya latitudo na ileile ya longitudo, umbali mkubwa kabisa kati yake ni ulalo wa mstatili wenye pande za kilometa 1.843 na 1.854. Kwa kanuni ya Pythagoras, ulalo huo ni kilometa 2.61. Sharti limetimizwa bila kupima.

MITEGO MIWILI YA MAJIRA

Mtego wa kwanza ni kuchanganya mitindo ya kuandika. Dakika 31.573 si dakika 31 na sekunde 57.3. Sehemu 0.573 ya dakika ni sekunde 34.4. Anayekosea hapa huenda upande wa kusini kwa mita 700 hivi.

Mtego wa pili ni wa ramani. Ramani za topografia za Tanzania za kipimio cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ambapo GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Nukta ileile ya ardhi hupewa namba tofauti katika misingi hiyo miwili, na tofauti yake katika Tanzania ni takriban mita 300. Kwa hiyo, mwanafunzi anayesoma majira kwenye ramani ya karatasi na kuyaingiza moja kwa moja katika kipokezi atatafuta kasha mtaa wa pili. Majira ya kasha yapimwe papo hapo kwa kipokezi. Ramani itumike kupanga njia tu.

KUCHAGUA MADA

Mafumbo yasiyo na uhusiano ni rundo, si msururu. Mada ndiyo inayompa mfumbuzi sababu ya kutoka kasha la kwanza hadi la mwisho. Mada njema ina sifa tatu: inaonekana kwa macho mahali penyewe, ina mwanzo na mwisho, na mfumbuzi hujifunza kitu ambacho asingekijua kwa kukaa nyumbani.

Mto Mirongo una sifa zote hizo. Msururu wa mfano katika makala haya unaitwa Safari ya Tone la Maji, nao una vituo sita:

1. Jabali. Tone linaanguka juu ya mawe ya matale ya vilima vya Mwanza. Mawe hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yalipasuka kwa mistari iliyokatizana, maji yakaingia katika mipasuko, pembe zikaoza upesi kuliko nyuso, hata mapande yakawa mviringo.

2. Mkondo. Matone yanakusanyika. Juu ya jabali maji hayanyonywi, hivyo mvua kubwa hufika mtoni kwa muda mfupi.

3. Makazi. Mto unapita kati ya nyumba, na mvua kubwa huleta mafuriko.

4. Mji. Mto unapokea maji machafu na takataka.

5. Mdomo wa mto. Yaliyobebwa na maji yanaingia katika Ghuba ya Mwanza.

6. Ziwa. Maji ya bomba ya jiji huvutwa kutoka ziwani humo humo, penye mitambo ya Capri Point, na kusafishwa kabla ya kunyweka.

Mfumbuzi aliyepita vituo vyote sita kwa miguu ameona kwa macho yake kwamba kinachotupwa katika kituo cha nne kinakuwa gharama ya kusafisha maji katika kituo cha sita. Hilo ndilo funzo la msururu, wala halihitaji kuhubiriwa.

Mada nyingine zisiguswe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe hiyo ina tarakimu zinazovutia kwa mtunzi, lakini msiba wa watu walio hai si kitu cha kuchezewa fumbo.

KUTUNGA FUMBO: MIFANO MIWILI

Fumbo zuri halimtaki mfumbuzi akisie kilichokuwa moyoni mwa mtunzi. Ufunguo wake umo ndani ya fumbo lenyewe, na ukishaonekana hauachi shaka. Mifano miwili ifuatayo imejengwa juu ya mambo ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anayajua, ila hajazoea kuyatazama kama hesabu.

Mfano wa kwanza: saa ya Kiswahili. Jina la Kisiwa cha Saa Nane linatosha kuwa dokezo. Msemaji wa Kiswahili anaposema saa nane, mshale mfupi wa saa ya ukutani huelekea 2. Kati ya saa inayotamkwa na namba iliyo usoni mwa saa pana tofauti ya 6 daima, kwa hesabu ya mzunguko wa 12. Hivyo saa saba ni 1, saa nane ni 2, saa tisa ni 3, saa kumi ni 4, saa kumi na moja ni 5, saa kumi na mbili ni 6, saa moja ni 7, saa mbili ni 8, saa tatu ni 9, na saa nne ni 10, ambayo huchukuliwa kuwa 0. Saa tano na saa sita hazitumiki. Fumbo laweza kuandikwa hivi:

"Mvuvi aliamka saa kumi na moja alfajiri, akashusha samaki wake pwani saa moja asubuhi, akarejea nyumbani saa tisa alasiri. Yatosha kuutazama uso wa saa yake."

Jibu ni 5, 7, 3. Sentensi ya mwisho ndiyo ufunguo; bila hiyo mfumbuzi angeweza kuandika 11, 1, 9, na asingekuwa na kosa.

Mfano wa pili: ngeli za majina. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huzipa ngeli namba, umoja na wingi kila moja kwa namba yake: mtu 1, watu 2, mti 3, miti 4, jicho 5, macho 6, kiti 7, viti 8. Fumbo likiwa na maneno "mto, mawe, kisiwa", jibu ni 3, 6, 7. Mtunzi aepuke majina yenye utata. Neno samaki lina umbo la ngeli ya 9 katika umoja na ya 10 katika wingi, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai huchukua upatanisho wa mtu na watu: samaki huyu, samaki hawa. Wafumbuzi wawili wenye elimu nzuri watatoa majibu mawili tofauti, na wote watakuwa na hoja. Fumbo la namna hiyo ni la kutupwa.

Kwa kuunganisha mifano miwili, majira ya kasha la mfano ni Kusini nyuzi 2, dakika 31.573, Mashariki nyuzi 32, dakika 54.367. Namba hizi ni za mazoezi ya hesabu tu. Hakuna kasha lililofichwa hapo.

Kuna aina ya tatu ya fumbo, ambayo tarakimu hupatikana kwa kutazama kitu kilichopo mahali. Hapa sharti ni moja: ufunguo usijengwe juu ya kitu kinachobadilika. Kina cha mto hubadilika kwa majira ya mvua, rangi ya ukuta hupakwa upya, kibao hung'olewa. Hata mawe hudanganya: rundo kama Mwamba wa Bismarck huonekana kuwa na mawe mengi au machache kutegemea mahali mtu aliposimama. Mambo yanayobadilika yawekwe katika daftari la kasha kama uchunguzi, si katika fumbo kama ufunguo. Kwa mfano, kila mfumbuzi wa kituo cha pili aombwe kupima muda ambao jani linaloelea hutumia kupita mita 10, akisimama mahali pakavu na salama. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa kumbukumbu ya kasi ya maji, masika hadi kiangazi.

NAMBA YA UHAKIKI

Mfumbuzi anahitaji njia ya kujua kama jibu lake ni sahihi kabla ya kufunga safari. Watunzi wengi hutoa jumla ya tarakimu. Katika mfano uliotangulia, 5 + 7 + 3 + 3 + 6 + 7 = 31. Njia hii ni rahisi lakini ina udhaifu: mtu akibadilishana 5 na 7 jumla hubaki 31, naye atakwenda mita 330 mbali na kasha.

Njia bora ni kuzidisha kila tarakimu kwa namba ya nafasi yake, kujumlisha, kisha kugawanya kwa 11 na kutangaza baki:

(1×5) + (2×7) + (3×3) + (4×3) + (5×6) + (6×7) = 112

112 ukigawanya kwa 11 ni 10, baki 2. Mtu akibadilishana tarakimu mbili za kwanza atapata 110, ambayo baki yake ni 0, na kosa litaonekana.

Kwa nini 11? Ikiwa tarakimu moja imekosewa, jumla hubadilika kwa tofauti ya tarakimu, ambayo ni kati ya 1 na 9, ikizidishwa kwa nafasi, ambayo ni kati ya 1 na 6. Ikiwa tarakimu mbili tofauti zimebadilishana nafasi, jumla hubadilika kwa tofauti ya nafasi ikizidishwa kwa tofauti ya tarakimu. Kwa kuwa 11 ni namba tasa, na hakuna hata moja ya namba hizo inayogawanyika kwa 11, zao lake haliwezi kuwa kigawe cha 11. Kwa hiyo baki lazima ibadilike. Kanuni ya ukoo huo ilitumika katika namba za vitabu za tarakimu kumi.

KASHA LILILOCHUKULIWA NA MAJI

Katika msururu, kila kasha huweza kubeba tarakimu moja ya majira ya kasha la saba, yaani la mwisho. Hapa mtunzi wa Mirongo anakabiliwa na swali zito: mafuriko yakichukua kasha moja, au mtoto akiliokota, je, msururu mzima umekufa?

Namba ya uhakiki inatoa jibu. Tuseme tarakimu za kasha la mwisho ni 4, 9, 2, 3, 8, 1. Jumla yenye uzito ni 4 + 18 + 6 + 12 + 40 + 6 = 86, na baki kwa 11 ni 9. Baki hiyo itangazwe tangu mwanzo. Sasa kasha la nne limepotea, na mfumbuzi hana tarakimu ya nne. Aiite x:

4 + 18 + 6 + 4x + 40 + 6 = 74 + 4x

Baki ya 74 kwa 11 ni 8. Ili jumla ibaki 9, lazima 4x iwe na baki 1. Akijaribu tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9, ni 3 pekee inayofaa, maana 4 × 3 = 12, na 12 ina baki 1. Tarakimu iliyozama imerudi. Namba moja ndogo iliyotangazwa inaulinda msururu wote dhidi ya upotevu wa kasha lolote moja. Wahandisi hutumia wazo la aina hii kurejesha habari zilizopotea katika mawasiliano na katika vyombo vya kuhifadhia habari.

KUPIMA MAHALI PA KASHA

Kipimo kimoja hakitoshi, hasa kati ya majabali. Wanafunzi wapime mwongo mmoja wa vipimo, yaani kumi, lakini wavigawe katika siku na saa tofauti. Vipimo kumi vya dakika ileile hushiriki setilaiti zilezile na makosa yaleyale, hivyo wastani wake hausaidii sana. Tuseme tarakimu tatu za mwisho za latitudo zimekuwa 571, 575, 573, 570, 574, 576, 572, 573, 574 na 572. Jumla ni 5,730 na wastani ni 573. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ni 6, sawa na mita 11. Tofauti ikizidi mita 30, kasha lihamishiwe mahali palipo wazi zaidi.

Taratibu za kimataifa zinadai pia makasha mawili yasiwe karibu kuliko mita 161, ili mtafutaji wa moja asiangukie jingine.

USALAMA, RUHUSA NA HESHIMA

Mtunzi anawajibika kwa kila hatua ambayo fumbo lake linamtaka mtu apige. Mambo yafuatayo ni masharti, si mapendekezo.

Kasha lisiwekwe mahali panapodai kuingia majini. Katika ufuko wa Ziwa Victoria wamo konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Vituo vya mdomo wa mto na ziwa viwe juu, pakavu, mahali maji yanapotazamwa tu.

Kasha lisiwe chini ya kimo cha maji ya mafuriko, wala mahali ambapo mtafutaji atakwama mto ukijaa ghafla. Msururu usitembelewe mvua inaponyesha vilimani, na tangazo lake lilieleze hilo.

Kasha lisiwe karibu na bandari, reli, benki, mitambo ya maji au kituo cha polisi. Tangu mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 ya Dar es Salaam na Nairobi, kifurushi kilichofichwa ni jambo la kutia hofu, na ni haki kiwe hivyo. Aidha, kitu kilichofichwa chini ya jiwe huweza kudhaniwa kuwa uchawi. Kwa sababu hizo chombo kiwe cha plastiki angavu ili kilichomo kionekane, kibandikwe maelezo ya Kiswahili yanayosema ni kitu gani, ni cha kikundi gani cha shule na nani aulizwe. Na mwenyekiti wa mtaa apewe habari kabla ya kasha kuwekwa. Mwenye eneo aombwe ruhusa. Wazee wakisema jiwe fulani lina heshima yake, liachwe.

Kasha lisifukiwe wala mawe yasivunjwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huulinda ukanda wa mita 60 kando ya mito na maziwa dhidi ya shughuli za kudumu. Chakula kisiwekwe kashani, maana huita panya na nyani.

Mwisho, fumbo lijaribiwe na watu wawili wasioshiriki katika utunzi, kila mmoja peke yake. Wakipata majibu mawili tofauti, fumbo ndilo lenye kosa, wala si wao.

MASWALI YA MAZOEZI

1. "Mfanyabiashara alifunga duka saa kumi jioni, akalala saa nne usiku, akaamka saa kumi na mbili alfajiri." Tafuta ABC kwa saa ya Kiswahili.

2. Tafuta DEF kwa ngeli za maneno "jiwe, visiwa, mito".

3. Tafuta baki ya uhakiki ya tarakimu 4, 0, 8, 9, 1, 6. Onyesha kwamba kubadilishana 8 na 9 kunaigeuza baki hiyo.

4. Makasha mawili yako katika dakika zilezile: la kwanza 31.573 kusini na 54.367 mashariki, la pili 31.498 kusini na 54.447 mashariki. Je, umbali wake unatosheleza sharti la mita 161?

5. Kipokezi kinakosea kwa mita 10. Mwanafunzi ameonyeshwa kuwa yuko mita 65 kutoka ukingo wa mto. Je, anaweza kudai kwa hakika kwamba yuko nje ya ukanda wa mita 60? Eleza.

6. Katika msururu ambao baki yake ya uhakiki ni 9, makasha mawili yamepotea kwa pamoja. Eleza kwa nini namba moja ya uhakiki haitoshi tena, na upendekeze njia ya kuuokoa msururu.

MAJIBU

1: 4, 0, 6. 2: 5, 8, 4. 3: Jumla ni 105, baki 6; baada ya kubadilishana jumla ni 104, baki 5. 4: Tofauti ni mita 138 na mita 148, umbali ni mita 202 hivi, sharti limetimizwa. 5: Hapana, umbali wa kweli waweza kuwa kati ya mita 55 na 75. 6: Mlinganyo mmoja hauwezi kupata tarakimu mbili zisizojulikana, itangazwe namba ya pili ya uhakiki yenye uzito tofauti, kama vile jumla ya kawaida ya tarakimu zote ikigawanywa kwa 11 na baki yake kutajwa.